Hesabu Hadharani: Ilani ya Wakulima, Vibarua na Vijana wa Litein

Sisi tunaotia sahihi ilani hii ni wachunaji wa majani chai, wakulima wenye robo ekari na wenye ekari mbili, vibarua wa mashamba makubwa, akina mama wa sokoni Litein, waendesha bodaboda wa barabara ya Kericho kwenda Sotik, walimu, wazee wa kokwet (baraza la majirani), na vijana waliomaliza shule na vyuo kwa karo iliyolipwa kilo kwa kilo. Tunatoka katika wadi 7 za eneo bunge la Bureti, Kaunti ya Kericho: Litein, Kapkatet, Cheplanget, Tebesonik, Kisiara, Chemosot na Cheboin. Wenzetu wa Konoin na kwingineko Bomet, ng'ambo ya mpaka wa kaunti, wanachuna majani yale yale na kulia kilio kile kile. Ilani hii ni yao pia.

Leo tunaanzisha vuguvugu la raia. Si chama cha siasa, si la ukoo mmoja, wala si ngazi ya mtu kupandia ugavana. Lina neno moja la kusema, na yote yanayofuata yanatoka humo: fedha za umma na jasho la mkulima vihesabiwe hadharani, mbele ya wenyewe, kwa lugha wanayoielewa, na anayezishika fedha hizo asiwe ndiye anayezikagua, wala asifanye nazo biashara.

Umaskini penye mali

Tumeambiwa miaka mingi kwamba nchi zetu ni maskini kwa kuwa hazina kitu. Mtu wa Litein hawezi kuyakubali maneno hayo. Akifungua mlango alfajiri, chai imeanzia uani kwake na haimaliziki mpaka macho yachoke. Kenya inauza nje chai nyeusi nyingi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wakulima wadogo zaidi ya 600,000 hupeleka majani katika viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, na katika milima yetu viwanda hivyo vinafuatana: Litein, Kapkatet, Tegat, Momul, Toror na Chelal upande wa Kericho, Kapkoros, Tirgaga, Mogogosiek na Kapset upande wa Bomet. Mvua tunayo, udongo tunao, na bidii ya kazi haijawahi kutupungukia. Mali ipo.

Hebu tuifuate inakokwenda. Mkulima hulipwa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, kisha husubiri bonasi ya Oktoba ndipo alipe karo, deni la mbolea na mkopo wa chama. Mwaka 2025 bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa ilishuka vibaya, huku wenzetu wa mashariki ya Bonde wakilipwa zaidi sana. Wakulima wa Kericho na Bomet waliandamana. Walipewa sababu: ubora wa majani, bei ya mnada wa Mombasa, thamani ya shilingi mbele ya dola, chai iliyolala ghalani. Huenda kila sababu ina ukweli wake. Lakini ni nani kati yetu aliyewekewa hesabu ambayo angeweza kuifuata mstari kwa mstari, kutoka kilo yake hadi mnadani na kurudi? Takriban kilo nne na nusu za majani mabichi hutoa kilo moja ya chai iliyokaushwa. Mpaka hapo mkulima anaijua hesabu. Lori likishaondoka kituoni, hajui tena.

Fedha za kaunti nazo ni hivyo hivyo. Katika mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa Kericho kutoka serikali ya kitaifa ulikuwa takriban shilingi bilioni 6.4, na wa Bomet takriban bilioni 6.7. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 901,777 katika Kericho. Ukigawa, kila mtu, hata mtoto aliyezaliwa jana, ana zaidi ya shilingi 7,000 kwa mwaka mmoja. Ukigawa kwa wadi 30 za kaunti, kila wadi ina zaidi ya milioni 200. Kila msomaji wa ilani hii na atembee katika wadi yake, kutoka zahanati hadi daraja, kutoka chekechea hadi bomba la maji, ajiulize: milioni 200 za kila mwaka ziko wapi?

Kituoni mkulima husimama kando ya mizani, hubishana na karani kwa ajili ya nusu kilo, na hana haya, kwa sababu anajua jasho ni lake. Mbele ya bajeti ya mabilioni mtu yuyo huyo huvua kofia na kushukuru. Vuguvugu hili limezaliwa ili asimame mbele ya bajeti kama anavyosimama kando ya mizani.

Mizizi yake

Umaskini huu una historia, na hatutaisahau. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni za Waingereza zilipanda chai kwenye ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis. Mwaka 1934 ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu na kupelekwa Gwassi, mbali na nyumbani, kwa sababu serikali ya kikoloni iliuogopa uongozi wake. Mwafrika alizuiwa kwa miaka mingi kupanda chai kama zao lake mwenyewe. Aliruhusiwa kuichuna tu. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilikubali kwamba dhuluma hiyo ilitendeka, na mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka kilio chao katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Lakini mkoloni aliondoka 1963, na desturi yake akawaachia warithi: anayelima asijue bei, anayejua bei asilime. Bendera ilibadilika, daftari likabaki limefungwa. Katika miaka ya 1990 kashfa ya Goldenberg iliipotezea Hazina ya taifa mabilioni kwa dhahabu ambayo haikuwepo. Ikafuata kashfa nyingine, ya Anglo Leasing. Mwaka 2020, wakati wagonjwa wa Korona wakipigania pumzi, fedha za vifaa vya tiba ziliingia katika kashfa ya KEMSA, shirika la umma la kusambaza dawa. Januari 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alisema mwenyewe kwamba taifa huibiwa shilingi bilioni 2 kila siku. Mwaka 2024 mkulima aliyekwenda kununua mbolea ya ruzuku aliuziwa mifuko ambayo haikuwa na kiwango cha mbolea.

Na hapa kwetu? Mwaka 2024, na tena 2025, wawakilishi wadi wa Kericho walipiga kura ya kumwondoa gavana madarakani. Mara zote mbili shauri lilikomea katika Seneti kwenye pingamizi kuhusu hesabu ya kura zilizopigwa. Hatumtii gavana hatiani. Hilo si jukumu letu. Tunasema jambo zito zaidi: tulibishana mara mbili juu ya idadi ya kura, na mara zote mbili madai kuhusu fedha za wananchi hayakusikizwa mpaka mwisho. Kama gavana hana kosa, alinyimwa nafasi ya kujisafisha. Kama analo, wananchi walinyimwa haki yao. Katika hali zote mbili daftari lilibaki limefungwa.

Ufisadi hauchukui fedha peke yake. Februari 2023 uchunguzi wa BBC ulionyesha wasimamizi katika mashamba makubwa ya chai wakiwadai wanawake ngono ili wapewe kazi. Huo ni ufisadi kama ulivyo wa tenda: mtu amepewa mamlaka ya kugawa riziki, na hakuna anayemuuliza aliigawa vipi.

Mwiko ulioachwa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Wahenga walikwisha kulijua hilo, na Afrika Mashariki iliwahi kujaribu kulifanya sheria. Februari 1967 Azimio la Arusha liliwawekea viongozi wa Tanzania miiko: asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa biashara ya mtu binafsi, asipokee mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Azimio halikuimaliza njaa ya Tanzania, na sera zake nyingine zilileta shida zake. Lakini mwiko wenyewe ulikuwa sahihi, na ulipolegezwa kikaoni Zanzibar mwaka 1991 wengi walijua ni nini kilichopotea.

Kenya ilichukua njia ya pili. Mwaka 1971 Tume ya Ndegwa ilipendekeza watumishi wa umma waruhusiwe kufanya biashara zao huku wakiendelea na kazi ya serikali. Tangu siku hizo, anayetoa tenda na anayeipokea wameweza kuwa mtu mmoja, au ndugu wawili wa nyumba moja. Mhandisi anayekagua barabara anaweza kuwa mwenye tingatinga. Katiba ya 2010 ilikuja na Sura ya Sita juu ya uongozi na maadili, na mwaka 2025 ikatiwa sahihi Sheria ya Mgongano wa Maslahi. Tunazipokea kwa mikono miwili. Lakini sheria isiyo na watu wa kuisimamia mashinani hugeuka karatasi, na karatasi haijawahi kumzuia mwizi.

Penye macho ya watu wizi hupungua

Hatuoti ndoto. Jambo tunalolidai limefanyika kwa watu kama sisi.

Uganda, kati ya 1991 na 1995, shule za msingi zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Zilizobaki zilinaswa njiani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, ili mwalimu na mzazi wajue cha kudai. Kufikia 2001 shule zilikuwa zikipokea zaidi ya asilimia 80. Wachumi wamebishana ni kiasi gani cha mabadiliko hayo kilitokana na magazeti peke yake. Hakuna aliyesema kwamba ilikuwa heri wazazi wasijue.

Rajasthan, India, mwaka 1990 wakulima na vibarua maskini walianzisha chama chao, Mazdoor Kisan Shakti Sangathan. Kuanzia 1994 waliitisha mikutano ya hadhara vijijini na kusoma kwa sauti daftari za kazi za umma: nani ameandikwa kwamba alilipwa, ni mradi gani umeandikwa kwamba umekamilika. Watu walisimama wakasema: huyu alikwisha kufariki, yule hakufanya kazi siku hiyo, jengo hili halipo. Wengi wa waliosimama hawakujua kusoma. Kutokana na mikutano hiyo lilikua dai lililoipa India Sheria ya Haki ya Kupata Habari mwaka 2005.

Nasi Wakipsigis tunayo kokwet, baraza la majirani ambapo jambo la wote huzungumzwa mbele ya wote, na hakuna anayeondoka kabla halijaeleweka. Mikutano ya Rajasthan haina kitu ambacho kokwet haiwezi kukifanya.

Tunayodai

1. Kila robo ya mwaka, serikali ya kaunti ilete katika kila wadi orodha ya miradi: fedha zilizotengwa, zilizotoka, mkandarasi, hatua iliyofikiwa. Orodha isomwe kwa Kiswahili na Kikipsigis, kisha ibandikwe ofisini kwa chifu, sokoni na katika zahanati.

2. Majina ya wamiliki halisi wa kila kampuni inayopata tenda yatangazwe kabla ya shilingi ya kwanza kulipwa. Kampuni ya afisa, ya mwakilishi wadi au ya jamaa zao wa karibu isipewe tenda na ofisi wanayoisimamia.

3. Kila kiwanda cha chai kiwape wakulima wake, kila mwezi, hesabu ya ukurasa mmoja: kilo zilizopokelewa, chai iliyouzwa na bei yake, gharama za kuni, umeme, usafiri na usimamizi, mikopo iliyochukuliwa na aliyeiidhinisha, na posho za wakurugenzi. Wakulima ndio wenye hisa. Mwenye mali haombi fadhila akiuliza mali yake.

4. Taarifa ya Mkaguzi Mkuu ikishatoka, gavana na mawaziri wake wa kaunti wafike mbele ya wananchi katika kila eneo bunge ndani ya siku 60 wajibu kila swali lililomo.

5. Basari ya kaunti na ya eneo bunge igawanywe kwa vigezo vilivyotangazwa mapema, na idadi ya waliopata na kiasi walichopewa ibandikwe shule kwa shule. Karo ya mtoto wa maskini isigeuzwe zawadi ya mheshimiwa.

6. Orodha ya mishahara ya kaunti ikaguliwe kituo kwa kituo, na wafanyakazi hewa waondolewe pamoja na waliowaandika.

7. Mashamba makubwa yaajiri hadharani, kwa kamati yenye wanawake waliochaguliwa na wachunaji wenyewe. Anayedai ngono au hongo ili atoe kazi ashtakiwe; kumhamishia shamba jingine si adhabu. Pale mashine ya kuchuna inapoingia, kampuni ikae na vibarua kwanza, wakubaliane kuhusu fidia na kazi mbadala kabla mashine haijawashwa.

8. Wakati kampuni kubwa za chai za Kericho zilipopata wamiliki wapya miaka ya karibuni, ilitangazwa kwamba asilimia 15 ya hisa zingekwenda kwa jamii. Ielezwe hisa hizo ziko mikononi mwa nani, zinaleta faida gani, na nani anaamua matumizi yake. Uamuzi wa Tume ya Ardhi kuhusu Wakipsigis na Watalai nao utekelezwe.

Miiko yetu wenyewe

Hatuwezi kuwadai wengine mwiko tusioufunga sisi. Kwa hiyo kila kiongozi wa vuguvugu hili anaapa hivi.

Atatangaza mali yake mbele ya kokwet yake siku anapochaguliwa na siku anapoondoka. Hatachukua tenda ya kaunti wala ya kiwanda cha chai. Akitaka kugombea cheo cha siasa, atajiuzulu kwanza, na hatatumia jina la vuguvugu kuombea kura. Ataongoza miaka miwili, na akichaguliwa tena, miwili mingine, kisha akae kando.

Hatutapokea fedha za mwanasiasa, wa upande wowote. Tutachangiana wenyewe, na michango itasomwa mwanzoni mwa kila mkutano, pamoja na jinsi ilivyotumika.

Hatutachoma kiwanda, hatutafyeka chai ya mtu, hatutapiga mawe lori la majani. Mali hiyo ni yetu. Anayeiteketeza anamsaidia mwizi kwa kupoteza ushahidi.

Hatutamuuliza mtu kabila. Kibarua aliyetoka Kisii, Kakamega au Turkana akachuna chai hapa ana dai lile lile. Tumeona mara nyingi, na vibaya zaidi baada ya uchaguzi wa 2007, jinsi wakubwa wanavyowagombanisha maskini ili hesabu isahaulike. Hatutagombanishwa.

Wala hatutauza kura. Shilingi 200 za mkutano wa kampeni, zikigawanywa kwa siku za miaka mitano, ni senti 11 kwa siku. Katika miaka hiyo mitano mgao wa kila mkaazi wa Kericho unapita shilingi 35,000. Anayepokea 200 ananunuliwa ukimya kwa fedha zake mwenyewe, tena kidogo mno.

Namna tutakavyofanya kazi

Kila kokwet itachagua wasomaji wa hesabu watatu: mwanamke mmoja, kijana mmoja, mzee mmoja. Walimu na wahasibu walio miongoni mwetu watawafundisha kusoma bajeti, taarifa ya ukaguzi na hesabu za kiwanda. Kijana mwenye shahada asiye na kazi ana kazi hapa, nayo ni kubwa.

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Tutaandika barua, tutahesabu siku, na tusipojibiwa tutakwenda kwa Tume ya Utawala wa Haki. Tutapeleka maombi rasmi katika bunge la kaunti. Tutakuwepo Februari, mwelekeo wa matumizi unapowekwa, na tutakuwepo kabla ya Aprili 30, makadirio ya bajeti yanapofikishwa bungeni. Kufika Juni na kulalamika ni kuchelewa. Katika viwanda tutahudhuria kila mkutano mkuu tukiwa na maswali yaliyoandikwa, na hatutapitisha hesabu ambazo hatujazisoma.

Juni 2024 vijana wa Kenya, na wa Kericho wakiwemo, waliingia barabarani, na Mswada wa Fedha ukaondolewa. Wengine walikufa kwa ajili hiyo. Tunawaheshimu kwa kufanya kazi inayofuata ile ya barabarani: kukaa na karatasi, mwezi baada ya mwezi, mpaka shilingi ionekane.

Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Hatutamwambia mtu ampigie nani kura. Tutamwekea kila mgombea, kuanzia mwakilishi wadi hadi gavana, karatasi ya madai haya manane, mbele ya watu wake. Atakayetia sahihi tutaihifadhi sahihi yake na kumfuata nayo. Atakayekataa, watu watakuwa wamemsikia akikataa. Chama kiwe cha rangi yoyote. Wimbi la chama halitatuchagulia tena watu tusiowauliza swali hata moja.

Mwito

Kwenu akina mama mnaochuna kwenye umande na mtoto mgongoni: ninyi mnajua hesabu kuliko waziri yeyote, kwa sababu mkikosea watoto hulala njaa. Njooni mkae mbele. Kwenu wazee: kokwet ni urithi wenu, iitisheni. Kwenu watumishi waaminifu wa kaunti na wa viwanda, ambao mpo na mnajulikana: daftari likifunguliwa ninyi ndio wa kwanza kusafishwa, basi tusaidieni kulifungua. Kwenu viongozi: hatuwachukii. Tumewapa mali yetu mtushikie, na sasa tunataka kuiona.

Barua ya kwanza iko tayari. Inaomba orodha ya miradi yote ya wadi 7 za Bureti katika mwaka wa fedha uliopita, gharama zake na wakandarasi wake. Inapelekwa na sahihi zetu, na kwa wasiojua kuandika, na alama ya dole gumba. Siku 21 zinaanza siku itakapopokelewa. Leta kitambulisho chako, uisome au usomewe, kisha utie sahihi.